Jina Pembeni mwa Mstari

Syokau hakusoma Biblia bila penseli. Akifika kwenye mstari wenye uzito, aliandika pembeni jina la mtu ambaye aliona unamhusu. Kwenye mistari ya wavivu kulikuwa na marehemu mumewe, mara mbili. Kwenye ya wasengenyaji, nusu ya akina mama wa mtaa wetu wa Makongeni. Tukikutana kwa ushirika wa nyumbani, jirani yetu Ngina alipenda kumchokoza.

"Mama Janice, leo nani ameandikwa?"

"Endelea kuongea, utajiona."

Alikuwa amemenya mananasi kiwandani hapa Thika miaka ishirini na sita, mpaka ncha za vidole zikalika. Pia alikuwa mzee wa kanisa, mwanamke wa kwanza kwetu kupewa kazi hiyo. Kwa hivyo Janice, mtoto wake wa pekee, alipopata mimba akiwa kidato cha nne, Syokau hakungoja kuambiwa. Kanisani kwetu msichana kama huyo husomwa jina mbele ya watu, akazuiwa meza ya Bwana, akaketi nyuma hadi atubu. Zamu ya kusoma matangazo Jumapili hiyo ilikuwa ya Syokau. Angeweza kumpa mwingine karatasi. Alisoma mwenyewe, na sauti haikutetemeka. Nilimwona Janice akiinuka na kutoka kwa mlango wa kando. Nyumbani hakurudi tena. Hiyo ni miaka kumi na minne.

Mwaka jana Syokau alipatikana na saratani ya ini. Nilikuwa nikitoka kufundisha napitia kwake kumsomea. Siku moja tulifika Mathayo sura ya tano, pale Yesu anaposema ukikumbuka kuwa mtu ana jambo nawe, uache sadaka yako madhabahuni, uende kwanza mkapatane. Akanizuia kuendelea. Akaomba penseli, akaandika polepole. Nilipoangalia, lilikuwa jina lake mwenyewe. Sikuwa nimewahi kuliona humo.

"Meza ya Bwana sitaila tena kabla sijapatana na Janice," akasema. "Nenda Ruiru, Mwalimu. Mwambie aje."

Janice ana saluni huko Ruiru, karibu na Kamakis. Aliniona, akaendelea kusuka.

"Mwalimu Wanja. Umetumwa ama umejituma?"

"Nimetumwa."

"Basi keti. Hapa hatuketishi watu nyuma."

Mteja wake akacheka bila kujua anacheka nini. Nilipotaja ugonjwa, mikono ya Janice ilisimama kidogo.

"Alinisema mbele ya watu," akasema. "Aombe msamaha mbele ya watu."

Syokau hakubisha. Waliokataa ni wazee. Mwenyekiti wao, Gachau, alisema mama akiomba msamaha kwa hilo, itakuwa ni kanisa lote lilikosa. Hata mimi nilikuwa nimeketi pale siku ile, nikanyamaza.

Jumapili iliyofuata, bila ruhusa yao, nilimshika Syokau mkono hadi mbele wakati wa matangazo.

"Nilisoma jina la mtoto wangu hapa," alisema. "Nilitaka mwone mimi ni mzee wa kweli. Sikufanya kwa ajili ya Mungu. Janice, nisamehe."

Hapo maikrofoni ikazimwa. Akaendelea kusema, na waliokuwa nyuma hawakusikia kitu.

Nilikuwa nimerekodi kwa simu. Nikamtumia Janice. Siku nne hakujibu, nikarudi Kamakis.

"Nimesikiliza mara tatu," aliniambia. "Nilidhani nikisikia, hii kitu itatoka. Haijatoka, Mwalimu. Siwezi kuja kumdanganya mtu anayekufa."

Njia yote hadi Thika nilipanga uongo, kwamba Janice angekuja Jumamosi. Lakini Syokau aliniangalia usoni, na nikamwambia yote kama yalivyosemwa. Akavuta blanketi juu ya miguu iliyovimba. Jumatatu angepelekwa hospitali akiwa hajitambui, na hangeamka. Mimi sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba kesho yake mchungaji angepita nyumba za wagonjwa na mkate na divai.

"Mama Janice," nikamwambia, "umejaribu kadiri ulivyoweza. Kesho kula."

"Yesu hakusema nijaribu," akasema. "Alisema nipatane. Mwambie mchungaji asije."