Mtungi Uliozikwa Nyuma ya Migomba

Udongo wa mtoni ukiloweshwa hutoa harufu ya mvua na mizizi iliyoanza kuoza. Kila asubuhi nifunguapo karakana yangu hapa Busia, harufu hiyo hunipokea kabla ya wanafunzi. Karakana niliijenga mwenyewe, bila mume wala mfadhili, niliporudi kutoka Ulaya. Diploma yangu ya ufinyanzi nimeitundika mlangoni, na kama iko nyingine kati ya Funyula na Malaba, bado sijaonyeshwa. Lakini harufu ile hainipeleki Ulaya. Hunirudisha Bukhayo, miaka ile ya sabini, wakati watu wazima walipowataja askari wa ng'ambo ya mpaka kwa kunong'ona.

Mama alikuwa mfinyanzi. Nakshi yake ilikuwa ya gunzi la mahindi, alilolibiringisha shingoni mwa mtungi mbichi. Mimi niliachiwa mabonge ya kuchezea, nikajaribu kila kitu: gome la mti, majani ya mnavu, magamba ya samaki. Kipaji nilikuwa nacho tangu hapo. Majirani walikuja kutazama. Mama hakutaka nivimbe kichwa. Mtungi wangu wa magamba aliugeuzageuza akasema, "Nafula, mpeleke mtoto wako hospitali. Ana surua."

Mdogo wake mama, Nabwire, aliolewa Uganda na alifinyanga huko. Alichora mawimbi ya ziwa kwa kichana cha kibuyu chenye jino lililovunjika, kwa hiyo kila wimbi lilikuwa na mwanya katikati. Kwetu kichana cha mfinyanzi hakiazimwi, hata kwa binti yake. Mfinyanzi akifa, huzikwa nacho mkononi.

Kisha Nabwire akaacha kuja sokoni. Kila siku ya soko mama alipita kwa wachuuzi waliovuka mpaka, akiutafuta mwanya ule mitungini. Hatimaye Apio, aliyekuwa jirani wa mama mdogo huko, akatua mtungi mbele yetu. Mwanya huo hapo! Nikarukaruka.

"Dada yangu yuko?" mama akauliza.

"Yuko tu, mama! Anawasalimia sana!" Apio alijibu kwa sauti kubwa, kama anayeongea na kiziwi. Nyuma yake wanaume tusiowajua walisimama wakitafuna karanga.

"Mbona haji?"

"Kazi, mama, kazi. Chukua, huu si wa kuuza. Ushike vizuri."

Mama akapitisha vidole juu ya mawimbi. Vikasimama. Akavipitisha tena, polepole.

"Mwambie nimefurahi," akasema. Tukarudi nyumbani bila kununua hata chumvi.

Jioni baba alichimba shimo nyuma ya migomba. Kwetu mwili usipopatikana, huzikwa mgomba badala yake. Safari hii mama aliuzika mtungi. Nililia, na sikuwa nikilia msiba. Nililia kwa sababu ulikuwa mtungi mzuri.

"Apio amesema yuko!" nikapiga kelele.

Mama akaniziba mdomo kwa kiganja chenye udongo. Ladha yake ninayo hadi leo. Miaka mingi nilimchukia Apio, nikimwita mwongo wa soko aliyemchezea mama yangu.

Nilikuwa Ulaya, darasani, mwanafunzi bora kama kawaida yangu, siku nilipochora mawimbi kwa kichana. Nikayaona yamelalia kulia, kwa kuwa natumia mkono wa kulia. Nikaweka kichana chini. Mama mdogo alikuwa wa mkono wa kushoto. Mawimbi yake yote yalilalia kushoto. Ya mtungi ule yalilalia kulia, kama haya yangu.

Kichana kilikuwa chake, mkono haukuwa wake. Na kama kichana kisichoazimwa kilikuwa mkononi mwa mwingine, bado juu ya ardhi, basi yeye alikufa na hakuna aliyemzika. Apio hangeweza kuyatamka hayo mbele ya wale wanaume. Aliyaandika kwa udongo, akijua vidole vya mama vitasoma. Mwongo wangu wa soko alikuwa ameubeba msiba wetu kichwani, akapita nao mbele ya bunduki, akautua miguuni pa mama.