Jini Aliyetaka Sindano

Mie utotoni nilikuwa na jini. Au ndivyo alivyosema bibi yangu, na nusu ya kijiji chake cha Tongoni ikamwamini. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Hospitali ilikuwa imeshasema ni kisukari, ikanipa insulini ya kudungwa asubuhi na jioni. Likizo ya shule mama akanipeleka kwa bibi, akamwonyesha jinsi ya kunidunga, na chupa ya dawa ikafungwa kwenye nailoni, ikatumbukizwa mtungini ipate ubaridi.

Bibi alinipenda, msinielewe vibaya. Lakini sukari yangu ilikuwa haijatulia. Aliona ninavyogugumia maji, ninavyokonda, na sisimizi wanavyojaa pale nilipokojoa. Akaita mganga, mama mmoja mkali wa jirani.

"Jini huyu anapenda vitamu, na sindano zinamkasirisha," mganga akasema. "Alishwe siku saba, ataondoka mwenyewe."

Chupa ikafichwa, likaja sinia: halua, tende, asali, sharubati. Nile mie, ashibe yeye! Siku ya kwanza nilifurahi, mtoto ni mtoto. Siku ya pili kiu ikanitia wazimu. Siku ya tatu natapika, tumbo linakata, pumzi zinakwenda mbio, kinywa kinanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Muuguzi alishanionya: ukiona hivyo, mwanangu, usingoje, kimbilia hospitali. Nikajua ninakufa.

"Bibi, nipe sindano yangu," nikalia.

"Usimpe," mganga akadakia. "Anayesema hapo si mjukuu wako. Ni jini."

"Bibi, ni mie!"

"Ndivyo wasemavyo wote."

Wallahi, hasira niliyoipata! Nikalipiga sinia teke, asali ikatapakaa mkekani. Kwetu jini akipanda kichwani huulizwa anataka nini, na akishataja, nani wa kumnyima? Basi nikakaza koo, nikatoa sauti nzito kadiri nilivyoweza.

"Haya, ni mie jini! Halua siitaki! Nataka sindano, asubuhi na jioni! Na nataka hospitali, sasa hivi! Mkininyima, naondoka na mtoto wenu!"

Mganga akarudi nyuma. Angempinga vipi jini, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema nimepandwa?

"Utapata, bwana mkubwa, utapata," bibi akasema, akaitoa chupa sandukuni. Akanidunga, kisha akanibeba mgongoni hadi barabarani, tukapata gari la mjini. Nililazwa siku nne na dripu mkononi.

Bibi hakuwahi kuamini habari za daktari za kongosho lisilotoa insulini. Lakini likizo zote zilizofuata alinidunga kwa saa, hakosei, kwa kumwogopa jini. Nikamwacha aamini atakavyo, mradi dawa inaingia.

Leo nakaa mjini, Ngamiani, mtu mzima, napima sukari yangu kabla ya kula, awepo mgeni asiwepo. Harusini shangazi zangu hunisukumia kisahani: "Kidogo tu, hakiui." Nikikataa, wananuna. Wanune.

Kinachoniuma hadi leo ni kimoja. Nilipolia kama mjukuu hakuna aliyenisikia. Nilipoamrisha kama jini, nikatiiwa. Tangu siku ile siombi tena. Mwili ni wangu, nasema mara moja, kwa sauti yangu mwenyewe, na asiyetaka kunisikia simbembelezi.