Buji ya Moto

Juzi mwanangu alinituma nimnunulie kifaa cha pikipiki yake. Nikaingia duka la vipuri hapa Kigoma, nikamwambia muuzaji, nipe buji. Akanitazama. Nikarudia: buji, ile inayowasha injini. Kijana alicheka mpaka akashika meza, akasema, "Mama, hiyo ni plagi," kisha akamwita mwenzake aje amsikie Mkongo. Sikukasirika. Nimeishi ng'ambo hii ya ziwa miaka mingi na kuchekwa nimezoea. Lakini nilipotoka na kile kifaa mkononi, miguu ilikataa kwenda nyumbani. Niliketi kwenye benchi la muuza kahawa, nikawa nakigeuzageuza tu. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, kwa sababu neno hilo liliwahi kutuletea matanga nyumbani.

Kwetu Kalemie, enzi za Zaire, buji lilikuwa jina la vitu viwili, plagi na mshumaa. Tulilipokea hivyo kutoka Kifaransa na hakuna aliyeona shida. Pikipiki nayo, baba yangu na wengi wa umri wake waliiita moto, kama walivyosema watu wa reli waliotoka kusini. Kwa hiyo plagi ya pikipiki ilikuwa buji ya moto. Ukilisema polepole utasikia mtego uliomo. Sisi hatukuusikia.

Moto yenyewe ilikuwa ya baba mkubwa, kaka yake baba. Aliinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao: nyeusi, nzito, tangi lake lina mipira miwili ya kuegemeza magoti. Mimi sikumwona akiipanda. Nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni alipopanda treni kwenda Kabalo, na kutoka huko aendelee Manono kutafuta kazi ya migodi. Moto akamwachia mama yake, yaani bibi. Aliandika barua mbili. Baadaye akaja msafiri mmoja akasema mtumbwi umepinduka Kiambi, kwenye mto Luvua, na kati ya waliopotea mlikuwa na mtu wa Kalemie mwenye mwanya. Baba mkubwa alikuwa na mwanya. Ndugu wakataka tukae matanga, bibi akakataa katakata. Alisema hajaona kaburi, na hatamlilia mtu kwa habari za kuambiwa. Ikapita miaka kumi, ukaingia wa kumi na moja, na uani kwetu hakuna aliyethubutu kutamka neno marehemu. Tulisema "yule aliye safarini."

Moto ikakaa jikoni kwa bibi, kwenye kile kibanda cha matofali mabichi alimokausha mikebuka yake. Moshi wa miaka yote ile uliipaka masizi na mafuta ya samaki hata kutu ikakosa pa kuanzia. Kuku walitagia kwenye kiti chake. Mayai hayo tuliyaita mayai ya moto, na wageni wakidhani yamechemshwa walishangaa wakiyapasua. Bibi alipopika bukari, ugali wetu, alitundika mwiko kwenye usukani, na usingeweza kumwambia kwamba hapo si mahali pa mwiko.

Baba alikuwa mwalimu. Mwaka ule walimhamishia shule ya ng'ambo ya Lukuga, na goti lake lilikuwa bovu. Alikuwa anarudi mchana amechoka, mguu umevimba, mama anamkanda kwa maji ya moto (maji ya moto ya kweli haya) huku akimuuliza kama kuku wana haki kuliko yeye. Mama yangu alikuwa na ulimi. Ilimchukua baba wiki nzima kupata ujasiri wa kumwomba bibi, na mimi nilikuwepo siku aliyoomba, nachambua sombe, majani ya muhogo. Bibi hakusita hata kidogo. Akasema, "Tengeneza. Ile siku ndugu yako atarudi, aikute inatembea." Baba akajibu, "Ndiyo, Mama," na akabaki anautazama ukuta.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilifurahi tu kwamba tutapanda moto. Leo ndiyo naielewa ile sura ya baba. Yeye kaka yake alikwisha kumzika moyoni kitambo, peke yake, bila ruhusa ya mtu. Alichoomba ni urithi, na mama yake akampa kazi ya kuandaa mapokezi.

Tulianza Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, watu wakiwa wamerudi na majembe yao kutoka kufyeka barabara. Baba hakuwa fundi. Kila alichokifungua alikipanga kwenye mkeka kwa mstari, cha kwanza mpaka cha mwisho, ili akirudishe kwa kufuata nyuma, kama anavyorudia hesabu ubaoni. Mpango mzuri sana mpaka kuku walipopita juu yake. Siku hiyo nilijifunza kwamba mwalimu naye ana matusi. Jumamosi mbili nzima zilipotea tukijadiliana chuma fulani kilikuwa kinatangulia kipi.

Bibi alifanya kazi kutuzidi wote. Alijikalia kwenye kigoda, gurudumu mapajani, akisugua nyaya zake mmoja mmoja kwa majivu na mchanga wa ziwani, akiimba nyimbo za kanisani chini kwa chini. Mimi nilipewa vile vitundu vya karbureta kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vidogo. Nilivipuliza kwa mdomo hadi kila chakula kikawa na ladha ya petroli. Mnyororo tuliulaza kwenye mafuta ya mawese maana mafuta ya mashine hayakupatikana, na uani kukanuka kama kuna sikukuu. Mbwa wa jirani alishinda pale, akingoja chakula ambacho hakikuiva. Kutoka bandarini tulisikia winchi ikilia, treni ikipiga honi, na bibi akisema kila mara, "Huyu alipenda vitu visafi, sugueni muzuri." Alimsema kana kwamba yuko Niemba hapo, anangoja treni ya kesho.

Mwishowe kila kitu kikarudi mahali pake, isipokuwa buji. Ile ya zamani ilikuwa imepasuka kaure yake, na mjini mzima haikupatikana. Jirani yetu, mama mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa anavuka kwenda Kigoma Jumatatu iliyofuata. Baba alikuwa amechelewa shule, akanituma: nimwambie atuletee buji ya moto, moja. Nilimkuta anafunga mizigo, boti inamngoja. Sasa elewa kwamba mama huyu, kwa kuvukavuka kwake, alikuwa anasema kama watu wa Kigoma, na kwake yeye ile mashine ni pikipiki, haijawa moto hata siku moja. Nilipompa ujumbe alicheka. "Buji gani haiko ya moto?" akaniuliza. "Muambie Papa yako nimesikia." Nikarudi mbio, nimefurahi, nikamwambia baba kwamba amesikia.

Ziwa lilichafuka, boti ikachelewa, tukaingia mwisho wa Oktoba. Ni majira ambayo Wakristo wa kwetu wanapalilia makaburi na kuyapaka chokaa, kujiandaa kwa siku ya marehemu, na kila nyumba inatafuta mishumaa ya kwenda kuwasha. Bibi alikuwa analipalilia kaburi la babu, mshumaa wa huko ameshaununua, anarudi, anaendelea na samaki wake. Kuhusu mtoto wake hakuna aliyemgusia.

Siku hiyo nilirudi shuleni nikamkuta amekaa mlangoni mwa jiko na pakiti mapajani. Mishumaa kumi na miwili, myeupe, mizuri. Jirani alikuwa amerudi na kumkabidhi: haya, mzigo alioagiza mwalimu. Alikuwa ametafsiri vizuri kabisa. Buji akaigeuza mshumaa, na kwa kuwa mtu mzima haagizi mshumaa mmoja, akaleta pakiti. Nilijua papo hapo kosa liko wapi. Nikafungua mdomo, lakini bibi alinitangulia.

"Papa yako njo alikutuma kwa Mama jirani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Alete buji?"

"Ndiyo."

Kila jibu lilikuwa la kweli. Akaipapasa ile pakiti, halafu akasema taratibu, kama anayezungumza na mtu mwingine nyuma yangu: "Miaka yote hii nilingojea muntu mumoja tu aniambie. Wote waliniogopa." Kisha akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakiweka chini, akamwita mtoto wake kwa jina lake. Mara moja. Sauti ile sitaisahau mpaka naingia kaburini. Kilio kikaanza, majirani wakaja, mikeka ikatandikwa, na kabla sijajua nifanye nini tulikuwa tumekaa matanga.

Baba alirudi na goti lake, akakuta ua umejaa wanawake. Alisimama mlangoni akidhani ni mama au mmoja wetu. Wakamwambia ni kaka yake. Akauliza habari imetoka wapi, na hakuna aliyejua. Ndipo akaniona pembeni ya pipa la maji. Nilimwambia kwamba jirani ameleta buji, nikamwonyesha kwa kidole. Akaitazama pakiti, akanitazama mimi. Alikuwa mwalimu, hakuhitaji zaidi.

Bibi akanyoosha mkono. "Asante, mwanangu," akasema. "Weye hukuniogopa."

Naapa kwamba baba alikuwa anataka kusema. Nilimwona midomo ikifunguka. Neno moja lilitosha, na bibi angeokota kitambaa chake, angerudi jikoni kungoja tena. Baba akavua viatu vyake vyenye vumbi la chaki, akaketi kwenye mkeka, akaweka kichwa mapajani kwa mama yake, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Alilia kwa kwikwi, koti lake la abakosti likikunjamana, na mkono wa bibi ukimpapasa kisogoni. Mimi nami nililia, kwa hofu kwanza, baadaye kwa huzuni ya kweli, kwa ajili ya mtu ambaye sikuwahi kumjua.

Kesho yake asubuhi alinifuata nikichota maji. "Bibi asijue," akaniambia. "Hata siku moja."

Siku ya marehemu, tulipotoka kwa babu, baba mkubwa hakuwa na kaburi la kwenda kumwashia. Baba akachukua kijiti, akamchorea bibi mchangani, kama anavyowachorea wanafunzi: Lukuga hii inatoka ziwani, inakwenda mpaka Lualaba, na Luvua nayo inaingia Lualaba hiyohiyo. Bibi akatazama mchoro, akauliza kama ni kweli maji hayo yanakutana. Baba akasema yanakutana. Tukashuka ukingoni mwa Lukuga kwa miguu, baba akichechemea, maana moto bado haikuwa na buji. Mishumaa yote kumi na miwili tuliipanga. Upepo wa ziwani uliizima, bibi akaiwasha, ukaizima tena, akaiwasha tena, mpaka kiberiti kikaisha. Tulirudi nyumbani, akala bukari na ndagala akamaliza sahani, jambo ambalo mama alilisimulia kwa wiki nzima.

Safari iliyofuata ya jirani baba hakunituma. Aliichora ile buji kwenye karatasi ya daftari, akampelekea mwenyewe. Ikaja imeviringishwa kwenye gazeti, baba yuko shule, nikaipokea mimi. Bibi akaniuliza ni nini. Nikasema bila kufikiri kwamba ni buji ya moto, ile ambayo Papa alikuwa anangojea.

Akaitoa kwenye gazeti. Akaigeuza, akaigusa kaure yake kwa ukucha.

"Hii nayo njo buji?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na ile siku alikutuma hii?"

Nilianza kulia, nikamweleza yote, maneno yakigongana. Bibi hakunikemea. Alikaa kwenye kigoda chake, kuku wakidonoa miguuni pake. Kisha akaifuta ile buji kwa pindo la kitenge chake, ingawa ilikuwa mpya, akaiviringisha tena kwenye gazeti kama ilivyokuwa.

"Usimuambie Papa yako kama nimejua," akasema. "Atasikia haya. Acha ajue ni yeye njo alinisaidia."

Jumapili ile moto iliwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi wenye harufu ya samaki, kuku wakaruka hadi kwa jirani. Bibi akapiga vigelegele, akamwambia baba mbele ya watu wote kwamba sasa ni ya kwake. Baba alimzungusha mtaani amekaa upande, mkono mmoja begani kwa mwanawe, na kwa miaka iliyofuata mlio ule ukawa ndio saa yetu ya mchana: ukiusikia unatoka darajani, unasonga bukari.

Tuliiacha moto tulipovuka ziwa, miezi ile Zaire ilipokuwa inapoteza jina lake. Nimesikia kibanda cha jiko kilianguka kwa mvua na pale pamejengwa nyumba ya bati. Bibi alikuwa ametutangulia kabla hatujavuka, akazikwa kwa heshima, akiamini amemfichia mwanawe kwamba alijua. Baba amelala hapa Kigoma, na mpaka siku zake za mwisho hospitalini alinishukuru kwamba sikumwambia bibi. Nilimshika mkono, nikamjibu, "Ndiyo, Papa."

Miaka yote hiyo nilikuwa katikati yao, mdomo nimeufunga pande zote mbili, na mara nyingi nililiona jambo lile kama mzigo. Leo naweza kulisema kwa mtu yeyote, hata kwa muuza kahawa. Hakuna mtu litakayemuumiza tena, na hilo ndilo linaloniumiza mimi. Natamani ningekuwa bado na mtu wa kumfichia.