Chumvi ya Mihambo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ufagio wala bendeji. Nililambishwa dawa. Sista aliyesimamia nyumba ya dawa ya misheni, kule juu milimani Uluguru, alipanga chupa saba mezani akaniamuru nichovye kidole na kuonja moja baada ya nyingine. Kwinini, dawa ya homa, ilinikunja uso mpaka jioni. Mafuta ya mbarika sitaki hata kuyakumbuka. Nilipotema ya tatu, Sista alinifokea: "Kobelo! Asiyeijua dawa kwa ulimi wake, asimpe mtu!"

Nawaeleza haya ninyi vijana mnaosomea kazi ya hospitali kwa sababu mmezoea kusoma vibandiko tu. Mimi nimestaafu, sina mkubwa wa kumwogopa. Na hata nilipokuwa naye, sikumwogopa vya kutosha. Mgongo wangu ni shahidi.

Baada ya miaka miwili niliteremshwa mjini Morogoro. Ulikuwa wakati wa Mjerumani, reli inajengwa kwenda bara. Wafanyakazi wa reli walikuwa na nyumba yao ya wagonjwa, ya miti na mabati, chini ya daktari Mjerumani tuliyemwita Bwana Mganga. Cheo changu kilikuwa msaidizi wa dawa. Nilipima dawa, nilifunga vidonda, na kwa kuwa misheni walinifundisha kuandika, nilishika daftari. Bwana Mganga hakuwa mtu katili, na hilo nalisema wazi. Alijua Kiswahili, alilala kidogo, na mgonjwa akifa hakula siku ile.

Lakini alikuwa na utafiti wake. Alitaka kujua chakula na dawa vinafanya nini katika kichwa cha mtu mwenye kifafa. Wagonjwa wanne aliwatenga chumba chao, akawa anawapa bromidi, unga mweupe unaoyeyushwa majini, unaotuliza ubongo ili mtu asianguke. Tena akakataza chakula chao kisitiwe chumvi hata punje, maana alisema bila chumvi dawa hushika zaidi. Kila asubuhi nilitakiwa kuwauliza maswali manne, kwa maneno yaleyale na sauti ileile: Jina lako nani? Hapa ni wapi? Leo ni siku gani? Una mayai saba, umekula mawili, yamebaki mangapi? Majibu niliyaandika daftarini, pamoja na idadi ya kuanguka.

Mpishi wetu, Bi Mwanahawa, mama wa mjini pale, alikuwa akipakua maharage yale huku anasonya. "Mwanangu, chakula kisicho na chumvi ni cha mizimu. Hawa wamekufa lini?"

Mgonjwa wa nne alikuwa Mihambo, Mnyamwezi, mbeba mataruma ya reli. Alianza kuanguka kifafa baada ya kupigwa na chuma kichwani. Aliletwa kwa machela, na alipoambiwa kabila langu tu alipiga kelele: "Mluguru! Nirudisheni nikafie njiani!"

Nanyi mnajua, Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Tusipotukanana tumekosana. Nikamjibu, "Kufa tu, mpagazi. Mimi ndiye nitakayekuzika, na mbuzi wangu wa utani nitamchagua mwenyewe."

"Utanizika wapi, na wewe una mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi kwa kulima mteremkoni?"

Chumba kizima kilicheka. Asubuhi yake nilipomuuliza yale mayai saba, akasema, "Hapa yupo Mluguru. Hayabaki." Sikujua niandike nini. Niliandika: matano.

Wiki ya tatu ya dawa, Mihambo alikuwa haanguki tena. Bwana Mganga alisugua mikono kwa furaha. Lakini kila asubuhi, kabla ya maswali, mimi nilikuwa namtupia tusi langu, na majibu yake yakawa yanachelewa. Kisha yakafupika. Uso ukamwota vipele, mate yakawa yanamchuruzika, na siku moja nilimwambia kwamba Wanyamwezi hata harusini huuliza mzigo uko wapi, akanitazama tu. Nilitoka nje nikalia. Sioni haya kusema.

Nikaenda kwa Bwana Mganga. "Bwana, Mihambo hajibu utani."

"Utani ni nini? Dalili?"

"Kutojibu ndiyo dalili, bwana. Alikuja hapa na kifafa, akili anayo. Sasa haanguki, lakini hayupo."

Akafunga daftari taratibu. "Kobelo, katika daftari langu hakuna safu ya matusi." Kisha akanieleza kwamba kifafa kimekwisha kula ubongo wa Mihambo, na kwamba Jumamosi ya wiki iliyofuata atapakiwa kwenye garimoshi la kwenda pwani, akafungiwe nyumba ya wendawazimu. Aliyeingia humo, sisi hatukumwona tena.

Jioni ile nilifanya kama Sista alivyonifundisha. Nilichovya kidole katika bromidi, nikaonja. Ina ladha ya chumvi! Chumvi yenye uchungu kwa nyuma. Nikawaza: mwili wa mtu unalilia chumvi, hapewi, halafu anapewa kitu chenye ladha yake. Mwili utakipokea chote na kukikumbatia. Ukipata chumvi yenyewe, utakiachia. Sikuwa na darubini wala kitabu. Nilikuwa na ulimi.

Nikaingia jikoni. Bi Mwanahawa hakuuliza kitu. Alitoa kibuyu cha chumvi nyuma ya magunia, akatia kiganja kizima kwenye maharage ya Mihambo, akasema, "Ulikuwa umechelewa wapi?"

Dawa niliendelea kumpa kama nilivyoamriwa, sikupunguza hata tone. Nilimwongezea chumvi tu, na maji mengi. Siku ya nane akaanguka. Nilimshika kichwa kisigonge sakafu, nikijiambia, Kobelo, umemrudishia ugonjwa wake kwa mkono wako. Niliandika daftarini: ameanguka mara moja. Sikuficha.

Siku ya kumi, wakati nampa uji, nilimtupia tusi la kila siku, bila matumaini. Akameza, akafuta mdomo.

"Ule mguu mfupi," alisema polepole, "haujaota bado?"

Nilikaa chini palepale. Nikamweleza yote: dawa, chumvi, kuanguka kwake. Nikamwambia chumvi naweza kuiondoa, kifafa kitanyamaza tena, lakini na yeye atanyamaza. Achague mwenyewe, maana kichwa ni chake.

"Niachie chumvi," alisema. "Afadhali nianguke nikiwa Mihambo kuliko kusimama nikiwa gogo."

Jumamosi Bwana Mganga akaja na karatasi za safari. Akauliza maswali mwenyewe. Mihambo akajibu jina, akajibu Morogoro, akajibu Jumamosi. Kwenye mayai akasema, "Matano, kama huyu Mluguru wako umemfunga kamba."

Bwana Mganga alicheka, mara ya kwanza mimi kumwona akicheka. Akachana zile karatasi. "Unaona, Kobelo? Dawa na chakula changu vimemponya. Nitaandika hivyo Ulaya. Kila mwenye kifafa apewe hivi hivi."

Hapo ningeweza kunyamaza. Mihambo alikuwa ameokoka, na ngozi yangu ilikuwa nzima. Lakini chumbani walikuwa wamebaki watatu, wamekaa wanatazama ukuta, na barua ile ya Ulaya ingezaa wengine nisiowajua. Nikasema, "Si chakula chako, bwana. Nimetia chumvi. Siku kumi na tatu sasa."

Alikuwa mwekundu, akawa mweupe. "Umeharibu kazi yangu ya miezi mitatu."

"Ndiyo, bwana. Na hao watatu nipe ruhusa niiharibu pia."

Nikapelekwa bomani nikapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Bi Mwanahawa alitaka kwenda kujitaja, nikamzuia. Alinipaka mafuta mgongoni huku akinigombeza: "Ungenyamaza, mwanangu! Tungetia kimyakimya wote watatu!" Huenda alisema kweli. Lakini mimi sitaki dawa ya kimyakimya, iwe yao au yangu.

Jina la Mihambo lilikatwa daftarini kwa wino mwekundu, akaachwa aende zake, nami nikahamishiwa kambi ya mbele ya reli, kufunga vidonda. Bwana Mganga hakuniomba radhi. Ila kabla sijaondoka, niliona kopo jipya la chumvi jikoni, na Bi Mwanahawa akaniapia kwamba hakulinunua yeye.

Nimewahudumia wakubwa wengine wengi baada yake, na kila mmoja alikuwa na daftari lenye safu zake. Vijana wangu, zijazeni safu hizo, ndiyo kazi. Lakini mjue mgonjwa wenu alikuwa akicheka nini kabla hamjampa dawa.

Reli ilipofika Tabora, Mihambo alikuwa akiniletea chumvi ya kwao kwa mkono wa makondakta, pamoja na matusi. Alioa, akapata watoto wawili. Kisha kifafa kilimwangusha kisimani. Wako wanaosema ni chumvi yangu iliyomwua. Waseme. Kama ilimwua, basi ilimwua akiwa na mke, na wanawe, na ulimi wake mdomoni.

Nilipanda garimoshi kwenda kumzika, kama mtani apaswavyo. Nilidai mbuzi wangu, nikalala kaburini kuzuia udongo mpaka waliponipa. Kisha nikasimama juu ya kaburi, mbele ya ndugu zake wote, nikamtukana tusi kubwa kuliko yote niliyowahi kumpa. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nikangoja.

Hakujibu. Ndipo nikaamini amekufa.