Mama Nyaya atakiwa kuchagua tena programu ya mtandao

Asubuhi, king'ora cha zamu hakijalia, Mama Nyaya anapuliza vumbi kwenye kompyuta iliyo nyuma ya kioo, kando ya ukumbi wa mashine za kufuma masweta. Anaigonga ubavuni, anasikiliza feni, kisha anaketi.

"Kizee changu kimeamka," anasema. "Kinakohoa, lakini kimeamka."

Kizee hicho kinatumia mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta, wa jamii ya Yuniksi, ambao viwanda vingi vilishautupa. Hapa bado ndicho kinachoziambia mashine uzi upi upite wapi. Fundi wake ni mmoja tu, mwanamke huyu wa miaka hamsini na minne, aliyebandikwa jina kwa sababu ya nyaya anazotembea nazo shingoni.

Mezani kwake kuna programu mbili za mtandao, achague moja. Ya kwanza itaunganisha mashine za humu ndani, basi. Ya pili itamwezesha mtu wa makao makuu, nje ya nchi, kuwasha na kuzima mashine bila kunyanyuka kitini. Hiyo ikipita, waendesha mashine wote wa ukumbini watakwenda nyumbani. Meneja ameshasema anaipenda ipi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka tisa iliyopita Mama Nyaya aliulizwa swali kama hili. Kulikuwa na programu iliyoishia ndani ya kuta za kiwanda na nyingine iliyofika nje. Alichagua ya nje kwa kuwa ilikuwa nzuri kweli: nyepesi, haikukichosha kizee, na ilielewana na kompyuta za kila aina. Meneja alimpigia makofi mbele za watu.

Haikupita miezi mingi, michoro yote ya masweta ikawa imesafiri kwa njia hiyo hadi makao makuu. Wachoraji saba wakaambiwa makao makuu yana wachoraji wake.

Tuite jambo kwa jina lake: waliibiwa. Michoro iliyowamaliza macho inafumwa hadi leo, wao wako nje ya geti. Kiwanda kikaliita jambo hilo "maboresho".

Mmoja wao ni mke wa kaka yake Mama Nyaya. Siku hizi anabadilisha zipu kibarazani kwake.

"Watu wanalalamika waifai imewaharibia watoto," anasema, akikata uzi kwa meno. "Mimi aliyeniharibia ni wifi."

Mama Nyaya, aliyekuja kumsalimia, anacheka kidogo, kisha kicheko kinamkauka.

"Wifi, hukuniuliza," mchoraji anaendelea. "Na tulikuwa tunakula meza moja."

"Niliona ni kazi ya kompyuta."

"Ilikuwa kazi yangu."

Njiani kurudi, Mama Nyaya anaziweka sawa nyaya zake shingoni. "Niliangalia programu ipi inafanya kazi vizuri," anasema. "Sikuangalia inamfanyia nani. Hapo ndipo ninapojilaumu."

Safari hii aliomba ukumbi wa chakula, awaeleze waendesha mashine programu zote mbili kabla hajaandika pendekezo. Alinyimwa. Mambo ya kompyuta, aliambiwa, hayawahusu wafumaji.

"Basi Jumatatu nitasimama getini, zamu zikipishana," anasema. "Anayetoka atanikuta, anayeingia atanikuta. Wakitaka kunifukuza na wanifukuze, ila watu watakuwa wameulizwa."