Mama Yangu na Mizani ya Posta

Mama yangu hakuogopa nyoka, hakuogopa fisi, na baba alipokuwa hai hakumwogopa baba. Alichokiogopa ni mizani ya posta. Ilikaa juu ya kaunta pale Kahama, nyeusi, na sahani yake imechakaa katikati, na mama aliitazama kama anavyotazamwa jirani aliyewahi kukuibia kuku. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyemsindikiza kila mara, anasema mama alikuwa akiweka kifurushi juu yake taratibu, kwa ncha za vidole, akidhani kwamba ukikiweka kwa upole kitapungua uzito.

Mimi ndiye niliyesababisha yote hayo. Miaka ya sabini nilipangiwa kufundisha Newala. Kutoka kwetu Segese hadi Newala ni kuimaliza nchi: lori hadi Kahama, lori jingine hadi Isaka, treni hadi Dar es Salaam, kisha ile barabara ya kusini ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Mama alipoambiwa ni wapi, aliuliza kama huko wanakula viazi. Nikamwambia wanakula mihogo. Alinihurumia waziwazi.

Ndiyo maana kila kiangazi, baada ya mavuno, alinitumia kifurushi. Alikishona kwa kitambaa cha marekani, na mshono wake haukuwa wa mchezo: kila hatua chache alipiga fundo lake mwenyewe, alilofundishwa na mama yake. Mtu akifungua njiani na kushona tena, mimi ningejua. Hiyo ndiyo ilikuwa rejista yake, maana ile rejista ya posta ilikuwa na gharama yake zaidi, na mama hakuona sababu ya kulipia karatasi yenye namba wakati ana sindano.

Mwanzoni kifurushi kilikuwa kinono. Kulikuwa na karanga, choroko, dengu, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani hadi vikauke kabisa. Ukitaka kuvila unaviloweka, unavichemsha tena, unatia karanga zilizotwangwa. Sisi Wasukuma tukiwa mbali na nyumbani tukapata sahani ya matobolwa, hatusemeshwi.

Kisha posta ikaanza kupandisha bei. Ilipopanda mara ya kwanza, karanga zikatoka kwenye kifurushi. Ikapanda tena, choroko zikatoka, na dengu nyuma yake. Kaka aliniandikia kwa niaba ya mama kwamba "hali ya stempu si nzuri," kwa sauti ile ile ambayo mtu huandika kwamba mgonjwa hajambo kidogo. Mwisho nikawa napata matobolwa peke yake, na hapo mama akagundua njia ya kupambana na mizani. Alianza kuyaanika zaidi. Yale ambayo zamani yaliachwa juani wiki nzima, sasa yaliachwa hadi kuku wenyewe walikata tamaa ya kuyadonoa. Maji yote yaliyokuwa ndani ya kiazi yalirudi mbinguni bure, na posta haikupata cha kupima. Mama alijivunia sana jambo hilo. Mimi huku Newala nilikuwa nakaa na chungu jikoni tangu mchana, nikichochea, na kiazi kikinitazama.

Ndipo akazaliwa binti yangu.

Tulimpa jina la bibi yangu, mama yake mama, aliyekuwa amefariki. Kwetu mtoto akirithi jina la marehemu, huvalishwa kitu cha yule aliyeacha jina, na anatakiwa kukivaa kabla hajaanza kutembea, ili akianza safari zake awe anajulikana ni wa nani. Bibi aliacha kitu kimoja tu: bangili yake ya utotoni, ya fedha, iliyofuliwa na mhunzi wa kabila la Warongo kutokana na rupia za Mjerumani. Ilikuwa ndogo, nyembamba, yenye mdomo wazi ili iweze kupanuliwa kadiri mkono unavyokua. Hakukuwa na nyingine duniani.

Mama aliagiza apelekewe kipimo cha mkono wa mtoto. Nilikata uzi, nikauzungusha kwenye kile kifundo laini cha mkono, nikakata pale ncha zilipokutana, nikautia ndani ya barua. Mama alifurahi mara mbili. Kaka aliandika: "Mama anasema uzi umefika, na anasema uzi ni kitu cha busara kwa sababu hauna uzito. Anasema pia mtoto atapata kitu chake."

Basi nikasubiri, na mtoto naye hakusubiri. Alikaa, akatambaa, akaanza kujishikilia kwenye kingo za kitanda. Kila alipoinuka nilimkalisha. Majirani walidhani nina wazimu, mama anayemzuia mwanawe kusimama.

Yaliyotokea Kahama nilisimuliwa na kaka baadaye, na amenisimulia mara nyingi, kila mara akiongeza chumvi kidogo. Mama alikwenda posta na bangili imefungwa kwenye pindo la khanga. Karani alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo mama. Leo unatuma nini?"

"Marahaba. Kitu cha mjukuu wangu."

"Ni cha thamani?"

Mama akainama juu ya kaunta, akashusha sauti. "Sana."

"Basi usitume hivi hivi, mama. Tuma kwa bima. Unataja thamani yake, unalipia, kikipotea unafidiwa."

"Nafidiwa nini?"

"Fedha."

"Hizo fedha mtoto atazivaa mkononi?"

Karani akacheka, lakini kalamu ilikuwa tayari. "Taja kiasi tu, mama. Watu wanasubiri."

Hapo ndipo mama alipokwama. Akitaja kidogo, amemdhalilisha mama yake mbele ya foleni. Akitaja kikubwa, gharama itapanda hadi auze mbuzi. Na foleni yenyewe ilikuwa imenyamaza. Sehemu zetu hizi, ambako watu wanachimba dhahabu upande huu na wengine wanachekecha almasi kule Maganzo, ukisema mbele za watu kwamba una kitu kidogo cha thamani, masikio yote yanasimama. Mama aliwatazama wale wanaume wenye vumbi la machimbo kwenye nywele, akafunga tena pindo lake, akasema amesahau kitu nyumbani. Akageuka, akatoka.

Baada ya muda alirudi na kifurushi chake cha kawaida. Karani alitaka kuona ndani kabla hakijashonwa, kama ilivyokuwa desturi. Matobolwa matupu. Katikati yake kulikuwa na moja kubwa, zima, halikukatwa. Kijana alilichukua, akaligonga kwenye kaunta.

"Mama, hili ni tofali."

"Ni la mjukuu wangu."

"Ana meno?"

"Yataota."

Akashona pale pale, akapiga mafundo yake, akaweka kifurushi juu ya mizani kwa ncha za vidole. Mizani ikamhurumia. Kaka anasema alitoka pale akitembea kama msichana.

Mimi nilipokea kifurushi nikiwa na furaha isiyo kifani. Nilikagua mshono, fundo kwa fundo. Hakuna aliyeugusa. Nikakata, nikamwaga matobolwa yote juu ya mkeka, nikapapasa kitambaa, nikageuza pindo, nikatafuta tena. Hapakuwa na bangili.

Kama mshono ungekuwa umefunguliwa, ningewalaani wezi na kulia nikamaliza. Lakini mshono ulikuwa mzima, na maana yake ilikuwa moja tu: mama hakuitia. Nilifikiri labda ameamua kumpa mtoto wa kaka. Nilifikiri labda ameona mimi niliyekwenda kuishi mwisho wa nchi si wa kukabidhiwa kitu cha bibi. Niliumia, na sikumwandikia kumuuliza, kwa sababu swali kama hilo mtu humwulizaje mama yake kwa mwandiko wa mtu mwingine? Jioni ile binti yangu alisimama peke yake, akayumba, akakaa chini kwa kishindo. Nilimwacha asimame.

Matobolwa niligawa kama nilivyozoea. La kwanza lilikwenda kwa jirani yangu, bibi mmoja wa Kimakonde aliyemlea mwanangu mimi nikiwa darasani. Sikuwa na cha kumlipa zaidi ya heshima, basi nilimchagulia lile kubwa. Kule nyumbani kubwa huwekewa mtoto mwenye jina la marehemu. Mimi nilijua hilo tangu utoto, lakini nilimwangalia mwanangu mwenye meno mawili, nikaangalia lile tofali, nikaona mila nyingine zinaweza kusubiri.

Mvua ikanyesha, barabara ya kusini ikafungwa. Mwalimu mwenzangu, mtu wa kwetu Kahama aliyekuwa likizo, alikwama Dar es Salaam hadi njia ilipopitika. Alifika Newala matope hadi magotini. Alikuwa amepita kumsalimu mama yangu, kifurushi kikiwa tayari kimeondoka.

"Mama hajambo," akasema. "Amesema nikukumbushe, lile kubwa ni la mtoto."

"Kubwa lipi?"

"Sijui. Amesema lile kubwa ni la mtoto, kisha akacheka."

Mama yangu hachekei chakula. Nilisimama na kijiko mkononi, na akili yangu ikaanza kukimbia nyuma: mshono mzima, tobolwa zima lisilokatwa, mdomo wa mama unaocheka. Viazi huchemshwa kwanza. Kikiwa bado moto na laini, kiazi kinapasuliwa, kinatiwa kitu, kinabanwa, na jua linafanya kazi ya lakiri. Niliweka kijiko chini, nikatoka mbio bila viatu.

Nilimkuta bibi jirani ameketi mlangoni anapepeta mtama, mwanangu akitambaa karibu naye.

"Shikamoo bibi. Lile tobolwa nililokupa, ulilila?"

"Marahaba mwalimu. Lipi?"

"Lile kubwa. La kutoka kwetu."

Alinitazama kwa huruma, akijaribu kutafuta maneno ambayo hayataniudhi. Newala maji ni shida. Wakati ule wanawake walishuka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani, na kila kikombe kilikuwa na kazi yake.

"Mjukuu wangu," akasema, "nililiweka kwenye maji usiku mmoja, halikulainika. Nikasema, mimi siwezi kulipikia jiwe ndoo nzima ya maji. Lakini sikulitupa. Zawadi haitupwi."

"Liko wapi, bibi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Upepo wa kule juu unapiga milango mchana kutwa, na mlango wake ulikuwa umetulia kimya. Chini yake, limebanwa kati ya ubao na sakafu, lilikuwa tobolwa la mama yangu.

Nilipiga magoti, nikalichomoa. Bibi alileta mchi. Nililipiga mara ya kwanza likaruka, mara ya pili likaruka, naye akasema polepole mwalimu, utamuumiza mtoto. Nikalishika kwa miguu yangu miwili, nikapiga tena. Lilipasuka pale pale lilipounganishwa. Ndani, katika alama yake yenyewe, ililala bangili ya bibi yangu, imeingia weusi kidogo kwa utamu wa kiazi.

Nililia na kucheka pamoja. Sikulia kwa sababu ya fedha. Nililia kwa sababu mama hakuninyima.

Bibi jirani aliichungulia, kisha akanichungulia mimi. "Kwenu mnapanda fedha?"

Tulimvalisha mtoto hapo hapo mlangoni. Ilimkaa sawasawa, maana mama alikuwa ameibana kwa kipimo cha ule uzi, akaacha nafasi kidogo ya kukua. Wiki ile ile alitembea, kutoka kwangu hadi kwa bibi, mkono wenye bangili ukiwa juu hewani. Vile vipande viwili vya kiazi nilivipika kwa maji yangu mwenyewe, mchana mzima, nikatia karanga. Bibi alionja, akaongeza. "Kumbe ni chakula," akasema, na tangu siku hiyo alikuwa akiniuliza posta wanasemaje.

Nilimwandikia mama kila kitu, hata habari ya mlango. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa kaka, na wino ulionyesha kwamba kaka alikuwa anacheka: "Mama anasema bangili alijua itafika, kwa hiyo hana haja ya kuelezwa. Anauliza, kiazi mlikila au mlikitupa?"

Nauli haikuruhusu twende nyumbani mapema. Tulipofika Segese, binti yangu alikuwa anakimbia mbele yangu, anajibu watu wazima, na bangili ilikuwa imepanuliwa zaidi ya mara moja. Mama alitupokea uani. Hakumkumbatia mtoto mara moja. Aliingia ndani, akarudi na kopo la majani ya chai, akalifungua, akatoa kipande cha uzi.

Ulikuwa ule uzi wangu. Umekuwa wa kijivu kwa kushikwashikwa.

Alichuchumaa mbele ya mjukuu wake, akamshika mkono, akauzungusha uzi juu kidogo ya bangili. Ncha hazikukutana. Mama akaweka kidole chake kwenye ile nafasi iliyobaki wazi, akakiacha hapo. Alimwita mtoto mama, kwa Kisukuma, kama alivyokuwa akimwita marehemu bibi yangu.

"Mayu," akasema, "hapa pote sikukuona."

Mtoto alikitazama kile kidole, hakuelewa, akasema, "Shikamoo bibi." Mama akaitikia. Kisha akakata uzi mwingine, mrefu kidogo, akaanza kupima upya.