Mzizi Alioninyima Mama wa Kichina

Mwaka 2016 nilikuwa nashona nguo kwenye chumba cha ghorofa ya pili, katikati ya Johannesburg. Chini palikuwa na duka la mama mmoja wa Kichina aliyeuza mizizi na magome ya dawa. Jengo zima tulimwita Mama, naye alituita sote Sista, hata fundi viatu mwenye ndevu.

Mwaka huo mimba yangu ya miezi mitano iliharibika. Nilipoteza damu nyingi, na niliporudi kazini nilipumzika mara mbili kabla ya kumaliza ngazi. Pale kazini sikumwambia mtu. Asubuhi moja Mama alinikuta nimeegemea ukuta, akaniingiza dukani. Alinyoosha kidole kuelekea tumbo langu, ambalo sasa lilikuwa limenywea, kisha akagusa lake na kuonyesha vidole viwili. Yeye alipoteza wawili. Hapo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu nitoke hospitali.

Alinifungia kwenye karatasi vipande vyembamba vya mzizi wa manjano hafifu, wenye harufu kama ya majani ya karoti. Aliuita danggui. Kwao, mwanamke aliyepoteza damu hupikiwa mzizi huo na kuku. Nyumbani kwetu, mtaa wa Mayfair, mume wangu alilalamika kwamba supu inanuka dawa, lakini alinishikia bakuli mpaka nikamaliza.

Wiki ya tatu mguu wangu wa kushoto ulivimba. Hospitali walikuta damu imeganda kwenye mshipa, wakanipa vidonge vya kuizuia isigande. Nikarudi kwa Mama kuchukua mzizi mwingine. Aliponiona nachechemea, aliomba kuviona vidonge. Akampigia simu mjukuu wake, akamsomea herufi za kwenye kopo moja moja, akasikiliza akielezwa ni dawa ya nini. Kisha akaurudisha mzizi kwenye mtungi.

"Sikupi," alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza.

"Lakini Mama, wewe mwenyewe ulisema unanifaa."

"Vidonge vinafanya damu nyepesi. Huu pia. Ukila vyote utatoka damu, Sista. Nenda kamwambie daktari ulishaula."

Niliumia. Mtoto yule hakuwa na kaburi nililolijua. Kupika ile supu ndiyo ilikuwa namna yangu pekee ya kukaa matanga, na sasa naambiwa niache. Nilikwenda kwa daktari kwa hasira. Alinipima damu, akaniambia nisiuguse tena mzizi huo, na kwamba aliyeninyima amenisaidia.

Siku chache baadaye Mama alipanda ngazi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alibeba supu ya kuku, yenye chumvi tu. Akaketi karibu na cherehani yangu akinitazama nakunywa.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?" akauliza.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, hata mama yangu kwenye simu kutoka Tanga.

"Wa kiume."

Akatikisa kichwa polepole. "Wangu wote wawili, wa kike," alisema, akabaki ameketi pale mpaka supu ikaisha.